Dumu la lita kumi ndo lililonivunja kidole, sio samaki

Nianze na kidole. Kidole changu cha kati, mkono wa kulia, hakikunji vizuri mpaka leo, na kila mtu nikimpa mkono anashtuka kidogo alafu anauliza "fundi umefanyaje hapa", mi najibu nlikua natengeneza rili ya kuvulia samaki, kile kidude cha kuzungusha kinachokusanya mshipi, basi hapohapo mtu anajichorea picha kichwani, ananiona niko katikati ya ziwa Nyasa, mawimbi yanapiga, navutana na lisamaki. Huwa namwacha na picha yake. Ukweli ni kwamba nlikua nyuma ya nyumba yangu hapahapa Mbeya, asubuhi ya mwezi wa saba, nimevaa koti na kofia ya sufu, chini ya mparachichi, na kilichonivunja kidole ni dumu la maji. Lita kumi. Wala sio ishirini.

Nimeamua kuieleza yote kwa sababu kuna vijana wawili watatu wananiulizaga mambo ya kubadilisha gia kwenye rili za zamani, na kila mmoja anaanzia palepale nilipoanzia mimi, anataka kasi, anataka dragi kali, yani breki ya mshipi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari ya ulimi, kale kachuma kanakozuia hendeli isirudi nyuma.

Sasa mtu wa Mbeya na rili za bahari wapi na wapi. Mi kazi yangu ni saa. Baba alikua fundi saa, kameza kadogo kana kioo mbele, lenzi jichoni, bisibisi za kushika kwa kucha, na mimi nimekulia chini ya ile meza naokota skrubu zilizodondoka, ukiipoteza moja siku hiyo hulali vizuri. Simu zikaja, watu wakaacha kuvaa saa, wakabaki wazee na mabwana harusi. Nikawa nabadilisha betri tu, kazi ambayo hata mtoto anafanya. Vifaa vya baba vipo, tupa ndogondogo, pinseti, kamashine kadogo ka kukereza ka kuzungusha kwa mkono, vinakaa tu kwenye boksi vinanitazama.

Alafu nikaenda msibani Mufindi. Kuna mzee mmoja pale, alifanya kazi kwenye mashamba ya chai miaka mingi sana, tukakaa nae kwenye moto, kamwene baba, kamwene mwanangu, stori mbili tatu, akaambiwa mimi ni fundi saa wa Mbeya. Akaingia ndani akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha shuka. Akaniambia, "Mwanangu, niangalizie hii. Nayo ni saa, ila ni saa ya samaki." Bosi wake mzungu alimwachia alipoondoka, walikua wanavulia trauti kwenye ile mito ya baridi, samaki ambao wazungu walikuja kuwapandikiza huko milimani kwa sababu maji yake yanafanana na ya kwao.

Ilikua Mitchell 300. Sikuijua wakati ule. Nyeusi, kaumbo kama yai lililokatwa, hendeli iko kushoto. Nilivyofungua kifuniko cha pembeni aisee nikacheka peke yangu, yule mzee alikua amepatia kuliko alivyojua, ndani mle kulikua ni saa kabisa, gia zimekatwa kwa adabu, kila kitu kina nafasi yake. Baadae sana ndo nikaja kujua kwamba zile rili zilikua zinatengenezwa na kampuni ya Carpano & Pons ya mji wa Cluses, Ufaransa, kule milimani Haute-Savoie, na ule mji ni mji wa watengeneza saa toka enzi na enzi. Na sio hao tu. Zile rili nyekundu za Sweden, Ambassadeur 5000, zilizotoka 1952, waliozitengeneza ni ABU wa Svängsta, na kile kiwanda kilianza 1921 kwa kutengeneza saa, kikaja kutengeneza mita za teksi, samaki walikuja baadae. Kwahiyo mtu akiniuliza fundi saa na rili wapi na wapi namwambia wenzangu wametangulia.

Rili ya yule mzee shida yake ilikua ndogo, grisi imekauka imekua kama gundi ya fundi viatu. Nikaisafisha kwa mafuta ya taa, nikaipaka upya, nikamrudishia kwenye arobaini ya marehemu. Akanipa kuku. Ila habari ikasambaa, na hasa ikamfikia jamaa yangu mmoja tuliyesoma nae, yuko Dar, anavua baharini mpaka Mafia huko, nguru, kolekole, siku ya bahati jodari. Yeye ana ugonjwa wa kununua rili za zamani za Kimarekani. Akaanza kunitumia kwa basi, boksi limefungwa kwa seloteepu kama linapelekwa mahakamani, na mimi Mbeya huku zaidi ya kilomita 800 kutoka kwenye chumvi nikawa fundi wa rili za bahari.

Nyingi ni Penn. Hiyo kampuni aliianzisha Otto Henze, mhamiaji wa Kijerumani, Philadelphia mwaka 1932, na nyingine kati ya zile rili ni ngumu kiasi kwamba unakuta imezaliwa kabla ya uhuru wetu na bado inadai kazi. Niwaeleze zinavyofanya kazi kwa sababu bila hapo hamtanielewa huko mbele, mwenye kujua aruke.

Kuna spuli, ndo inabeba mshipi. Pembeni ya spuli kuna gia ndogo, pinioni. Pinioni inazungushwa na gia kubwa. Gia kubwa imevalishwa kwenye kabomba, na hendeli imefungwa juu ya kabomba hako. Sasa watu wengi wanadhani gia kubwa imekazwa kwenye kabomba. Haijakazwa, inaelea. Kinachoishika ni washa, vile vidude vya duara vyenye tundu katikati, ya chuma, alafu ya kitambaa kigumu, alafu ya chuma, zimelaliana kama chapati kwenye hotipoti, na ile nyota iliyoko chini ya hendeli ukiikaza inazibana zote pamoja. Hiyo ndo dragi. Samaki akivuta sana, gia kubwa inateleza kwenye washa, mshipi unatoka bila kukatika.

Haya, swali. Samaki anavuta, spuli inazunguka kurudi, pinioni inazunguka, gia kubwa inazunguka kurudi. Kwa nini hendeli nayo isizunguke kurudi ikupige? Kwa sababu chini ya kale kabomba kuna meno kama ya msumeno, racheti, na pembeni kuna kachuma kamelala kwenye hayo meno, kanasukumwa na springi. Ukizungusha mbele kanaruka jino moja moja, tik tik tik. Ukirudisha nyuma kananasa. Mi nakaita ulimi, ndivyo baba alivyokua anakaita kwenye saa, maana kwenye saa ya kujaza kipo kilekile, ndo kinazuia springi kubwa isijifungue yote ukiachia kitufe. Na kama umewahi kuendesha baiskeli ya Phoenix basi unakijua, frihwili ikilia tiktiktik unaposhuka mlima ni ndimi hizohizo zinacheza.

Kwahiyo dragi haina pa kusimama pasipokua na ulimi. Gia kubwa haiwezi kuteleza juu ya kabomba kama kabomba kenyewe nako kanazunguka.

Sasa tupige hesabu, hii hesabu nliifanya nikiwa na kidole kimefungwa na mwenzake kwa plasta, muda nlikua nao. Tuseme spuli imejaa, kutoka katikati mpaka mshipi unapotokea ni sentimita mbili na nusu. Samaki anavuta kilo 10. Hiyo ni 10 mara 2.5, unapata 25. Gia ni nne kwa moja, yani hendeli ikizunguka mara moja spuli inazunguka mara nne, kama ilivyo Penn Jigmaster ya kawaida. Gia inayokupa kasi ukienda mbele ndo hiyohiyo inayozidisha nguvu ikirudi, kwahiyo 25 mara 4, kwenye kabomba inafika 100. Na yale meno ya racheti, kutoka katikati mpaka kwenye ncha ni kama senti moja. Gawanya 100 kwa moja.

Kilo mia. Samaki anavuta kilo 10, kachuma kadogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho kanabeba kilo mia, gunia la mahindi, kwenye ncha yake.

Nilivyoona ile namba nikarudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea nukta.

Turudi nyuma sasa. Jamaa yangu akanitumia Jigmaster pamoja na pakiti ya gia mpya za stenlesi, kazinunua mtandaoni, tano kwa moja. "Kaka niwekee za kasi, nguru anakimbia kuja kwenye boti, mshipi unalegea, ananitema." Hoja yake ni ya kweli kabisa. Kwa spuli ile niliyosema, mzunguko mmoja wa spuli unakusanya kama senti 15.7, kwahiyo gia ya nne inakuvutia kama senti 63 kila ukizungusha hendeli, ya tano inavuta kama 79. Na mshipi ukibaki kidogo, spuli imekonda, tofauti unaisikia zaidi maana hata hiyo 63 inashuka vibaya.

Kitu cha kwanza ambacho watu hawafikirii kwenye kubadili gia ni kwamba zinabadilishwa mbili kwa pamoja, huwezi kuweka kubwa mpya ukaacha ndogo ya zamani. Katikati ya spuli na katikati ya kabomba hapasogei, pametobolewa kiwandani, kwahiyo kubwa ikiongezeka ndogo lazima ipungue. Tuseme 48 na 12, jumla 60, hiyo ni nne kwa moja. Ukitaka tano, 50 na 10, jumla ileile 60. Sasa pinioni ya meno 10 ni nyembamba, kila jino lake linafanya kazi mara nyingi zaidi ya la gia kubwa, ndo maana inaliwa mapema, ndo maana za brasi za zamani ukizifungua unakuta gia kubwa bado ina sura ila pinioni meno yamekua makali kama ya panya. Ya stenlesi pale ni halali yake. Na gia kubwa ikiongezeka upana angalia isije ikasugua ukuta, mi naipakaga rangi ya kucha pembezoni, nafunga, nazungusha mara kumi, nafungua naona imekwanguka wapi. Rangi ya mke wangu, nyekundu, naambiwa ni ya bei.

Na washa nikabadilisha, nikatoa zile za zamani zilizokua ngumu kama kadibodi iliyonyeshewa ikakauka, nikaweka za kaboni, ambazo hata Penn wenyewe walihamia huko, wanaziita HT-100. Na nikaongeza moja chini ya gia kubwa, pale ambapo mwanzo chuma kilikua kinakaa juu ya chuma. Kaboni inateleza kwa upole, haishtuki.

Nikafunga. Nikajaribu. Dragi imepungua! Washa mpya, na dragi imepungua. Nikaanza kumlaumu aliyeuza washa, kimoyomoyo, nikaanza kutunga ujumbe wa kumwandikia.

Hakua na kosa. Ni gia. Zile washa zinashika kwenye gia kubwa, na nguvu inayofika kwenye mshipi inagawanywa kwa gia. Dragi iliyokua inashika kilo 8 kwenye nne kwa moja, ukiweka tano kwa moja bila kugusa kingine inashika 6.4. Mtu hajui hilo, anafanya nini? Anakaza nyota. Anakaza mpaka zile kilo zake anazipata. Na akizipata, ulimi haubebi tena mia, 25 mara 5 ni 125. Yani umeongeza kasi, umerudisha dragi pale pale ilipokua, unajiona hujabadilisha kitu kwenye nguvu, kumbe robo nzima umemtwisha yule mdogo kuliko wote humo ndani na hujamwambia.

Na mkono wako nao unaumia, tusisahau. Hendeli fupi ya zamani ya senti saba, ukiisukuma kwa kilo tano kwenye nne kwa moja unavuta kilo 3.5 kwenye mshipi. Kwenye tano kwa moja inakua 2.8. Ndo maana wanaoweka gia za kasi wanaweka na hendeli ndefu, ya senti tisa inakurudisha kwenye 3.6. Mi nikaweka ya senti tisa. Kumbuka hiyo hendeli.

Kwa ulimi sikufanya kitu. Nliutazama, nikaona upo, springi ipo, nikasema sawa. Nikaupaka grisi. Nene, ileile ya beringi za pikipiki, nikijua baharini kuna chumvi, nikajaza mle ndani kama mtu anayepaka siagi mkate wa mgeni.

Kupima dragi huwa natumia maji, kwa sababu lita moja ni kilo moja na maji hayadanganyi kama mizani ya sokoni. Rili naibana kwenye vaisi, vaisi nimeigongomea kwenye shina la mparachichi, mshipi unapita kwenye kapi dogo tawini, kwenye mshipi nafunga dumu. Asubuhi ile nikakaza nyota mpaka mwisho, kwa ajili ya kupima tu, usije ukavulia hivo, nikaanza kupandisha dumu la lita kumi.

Likapanda laini. Laini mno. Hakuna tik hata moja. Na mimi, mtoto wa fundi saa, niliyefundishwa kusikiliza kabla ya kutazama, nikasimama pale nikajisifu, nikasema aisee hii rili nimeituliza, imekua kimya kama mpya.

Makamasi ya baridi yakataka kutoka, nikaachia hendeli nijifute.

Sikuona kitu, nlisikia tu kama feni. Alafu nikafanya jambo la kijinga ambalo mkono unafanya wenyewe bila kumuuliza mwenye mkono, nikaidaka hendeli. Hendeli ya senti tisa, dumu la kilo kumi linashuka, pale kwenye kishikio inakuja na karibu kilo 14 na imeshachanganya mwendo. Kidole kikasema ka. Dumu likatua chini, halikupasuka, likasimama wima limetulia kama halijafanya kitu.

Nliporudi toka hospitali jioni nikaifungua rili kwa mkono wa kushoto, mke wangu ananishikia tochi ananisema. Ulimi ulikua umesimama juu, umeganda kwenye grisi, haujagusa meno kabisa. Mchana ule kama ningejaribu saa nane jua linawaka pengine ungelala vizuri na ningempelekea jamaa rili yake, na ingekuja kumfanyia hivo siku ya upepo wa asubuhi yuko kwenye boti. Ila asubuhi ya mwezi wa saba Mbeya, grisi ile ilikua nta. Watu wa Kitulo na Uyole mnanielewa. Na sio hiyo tu, springi ilikua imechoka, ukiibonyeza inarudi kwa uvivu, na ncha ya ulimi ilikua imeviringika, imekula miaka yake na maji ya chumvi, hata ungelala ungenasa kwa bahati. Kwa kazi iliyopangiwa toka kiwandani pengine ingesogea miaka mingine. Sio kwa kazi niliyoipangia mimi.

Kwahiyo siku hizi naanza na ulimi. Kabla ya gia, kabla ya washa.

Ulimi naukata kwenye tupa iliyokufa. Tupa ni chuma kizuri kuliko hivi vibati vya kuokota, ila ni kigumu huwezi kukikata, lazima kwanza ukilainishe. Unakichoma kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu alafu unakizika kwenye majivu kilale humo mpaka kesho, kipoe taratibu. Hapo kinakubali msumeno. Nachonga kwa kufuata ule wa zamani, unene uwe sawa na racheti, usiwe mwembamba ukala jino nusu. Tundu la kupitia pini lisiwe na uchezaji, ulimi ukilegea pale unalala upande na mzigo wote unaenda kwenye pembe moja.

Ila siri iko kwenye ncha, na hapa nawaomba mtulie. Ule uso wa ulimi unaogusana na jino, usiuchonge wima wala usiulegeze kwa nje. Uuingize kidogo ndani, ili jino likisukuma, limvute ulimi kuzama zaidi, lisimteme. Ukikosea kwa nyuzi chache tu, kila mzigo ukiongezeka ulimi unapanda kidogo, unapanda kidogo, na siku moja unaruka. Kwenye saa ni hivohivo, baba alikua anaukagua kwa lenzi anasema "huyu anang'ata, huyu analamba". Unataka unaong'ata.

Ukimaliza unaurudishia ugumu. Unauchoma tena mpaka uwe mwekundu, unaujaribu kwa sumaku, sumaku ikiacha kuushika ujue umefika, unauzamisha kwenye oili. Hapo umekua mgumu ila unavunjika kama biskuti, kwahiyo unausugua ung'ae alafu unaupasha polepole juu ya kipande cha bati mpaka uanze kupata rangi ya majani makavu, unautoa. Mikoa hii yetu ya kusini watu wamefua chuma miaka na miaka, Wafipa kule Sumbawanga walikua na malungu yao ya kuyeyushia marefu kuliko mtu, mi na jiko langu dogo la mkaa najiona mjukuu wao wa mbali. Mafundi wengine wanataka ulimi uwe mgumu kuliko racheti. Mi nataka uzidiwe kidogo. Ulimi nikiharibu nachonga mwingine jioni moja, kabomba chenye racheti nikiharibu nitakitoa wapi.

Springi nimejaribu za kalamu, usihangaike, hazina nguvu na kutu inazila. Waya wa gitaa, ule mwembamba kabisa, ni chuma cha springi halisi. Kuna kijana wa kwaya ananiletea zilizokatika.

Na jamaa yangu nikamwekea ndimi mbili. Kuna namna mbili za kuziweka na watu wanazichanganya. Ukizipanga zinase kwa wakati mmoja, zinagawana mzigo, zile 125 kila mmoja anabeba kama nusu, ila lazima zichongwe sawasawa kweli, tofauti ya unywele mmoja anafanya kazi mwenzake anatazama. Ukizipanga zipishane nusu jino, mzigo bado anabeba mmoja tu, ila hendeli haichezi sana kurudi, tuseme racheti ya meno 6 inayorudi mpaka digrii 60 kabla haijanasa, sasa inarudi 30. Hiyo ya pili inapendeza mkononi, mtu dukani akiijaribu atasema imekaza. Mi kwa rili ya bahari nachagua ya kwanza.

Grisi kwenye gia, jaza utakavyo. Kwenye ulimi, tone la oili nyepesi ya cherehani, basi.

Kuna wanaouliza kwa nini nisiweke ile beringi ya njia moja kama rili za kisasa, ile yenye virola vinavyojikaba kwenye mteremko, haina hata mchezo wa kurudi. Ni nzuri. Nayo ukiitia grisi nzito kwenye baridi inateleza, na rili nyingi nzuri za siku hizi zimeweka na ulimi nyuma yake, kama mtu mwenye kufuli na bado ana mbwa. Kwenye rili ya zamani kuitafutia nafasi ni kukata mwili wake, sifanyi. Zile Ambassadeur za zamani zenyewe zilishapata jibu la kelele, ulimi wake una masikio mawili membamba yanaikumbatia racheti pembeni, ukizungusha mbele yanaunyanyua, haugusi meno, kimya, ukirudisha yanauvuta chini. Hayana springi hata. Nikiifungua ile huwa naifunga taratibu kwa heshima. Ukiona inaruka, mara nyingi ni masikio yamelegea, unayabana kidogo tu kwa pinseti, kidogo.

Kuna wazee wa kukusanya watanisema kwamba naharibu vitu vya kale. Kila kipande ninachotoa nakiweka kwenye kopo la Kiwi, naandika kwa kalamu ya wino mzito kimetoka wapi, kopo linarudi na rili. Anayetaka kuirudisha kama ilivyozaliwa ana jioni moja tu ya kazi. Ile Mitchell ya mzee wa Mufindi mbona sikuigusa zaidi ya grisi, ile ilikua inatosha kwa samaki wake.

Wiki ya tano, kidole kimefunguliwa, nikarudi kwenye mparachichi. Ndimi mbili mpya, waya wa gitaa, oili. Nikapandisha dumu lilelile. Tik tik tik tik, nzito, mbili kwa pamoja kama mtu mmoja. Nikalifikisha juu, nikaachia hendeli, mikono yote miwili nikaiweka nyuma kama niko mstarini shule. Halikushuka. Nikasema libaki hapo usiku kucha, baridi ilipige, nione.

Saa kumi na mbili asubuhi nikatoka na koti langu, ukungu umeshuka, nyasi zimelowa, dumu liko palepale juu linadondosha umande. Nikapiga picha nimtumie jamaa Dar. Mke wangu akatoka na ndoo, akatazama juu, akanitazama mimi.

"Baba watoto, maji yamekatika toka usiku. Hilo ndo dumu la mwisho. Lishushe."

Na kulishusha sasa, kwa sababu hendeli hairudi, ikabidi nilegeze nyota kidogo kidogo, dragi ikawa inaachia taratibu, bila kushtuka hata mara moja, mpaka likakaa kwenye ndoo yake.